Wingu la tarakilishi: Jinsi seva zinavyosimamiwa kupitia kivinjari, na maana yake kwa Kitale na Bungoma

NENO ‘wingu’, jinsi linavyotumiwa na wataalamu wa teknohama, limewafanya wengi wadhani kuwa kuna mahali angani ambapo habari huhifadhiwa. Hakuna mahali kama hapo. Kila wingu lina chumba chake hapa duniani: chumba chenye kabati za chuma, mashine zinazonguruma usiku kucha, viyoyozi, betri na nyaya tele. Mashine hizo ndizo seva, na kila seva iliyounganishwa na zenzake ili zifanye kazi kama mtambo mmoja huitwa nodi. Kinacholifanya wingu liwe wingu ni programu inayozikusanya nodi hizo pamoja, kisha ikaigawa nguvu yake kwa watumiaji vipande vipande, kila mmoja akipewa kiasi anachohitaji.

Mkulima wa Trans-Nzoia anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama ghala la Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB) mjini Kitale. Mahindi ya wakulima wengi humiminwa pamoja, na anayekuja kununua magunia 200 haulizi yametoka shamba la nani. Ndivyo ilivyo na nguvu ya ukokotoaji katika wingu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mahindi yakichanganyika hakuna anayeumia, bali rekodi ya mgonjwa wa Kiminini haifai kamwe kuchanganyika na ya mgonjwa wa Webuye. Sehemu kubwa ya kazi ya kujenga wingu ni kuhakikisha kuwa nguvu inachanganywa ilhali data inatengwa.

Biashara ya kukodisha mashine za aina hii ilianza kupata umaarufu mwaka wa 2006, kampuni ya Amazon ya Marekani ilipozindua huduma yake ya EC2. Mnamo Julai 2010, shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace, walitoa bure programu ya OpenStack ambayo humwezesha yeyote mwenye seva zake kujijengea wingu lake mwenyewe. Miaka miwili kabla ya hapo, mjini Vienna, Austria, ilikuwa imetolewa programu ya Proxmox VE, ambayo ni nyepesi zaidi na ambayo hadi leo hupendwa na taasisi zenye seva chache. Zote hizo husimamiwa kupitia ukurasa wa wavuti: msimamizi hufungua kivinjari, huandika anwani, hutoa nywila yake, na mbele yake huonekana orodha ya nodi, diski, mitandao na mashine pepe zinazoendeshwa.

Kutoka karatasi hadi seva

Katika ukanda wa Kitale na Bungoma, mjadala kuhusu mahali pa kuweka seva si wa kinadharia. Sekta ya afya imeupitia hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 20.

Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka wa 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulifungua kliniki za kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya HIV katika miji kadhaa ya magharibi mwa Kenya, zikiwemo Kitale na Webuye. Katika miaka hiyo ya mwanzo, mhudumu alijaza fomu ya karatasi mbele ya mgonjwa, kisha fomu zikasafirishwa hadi Eldoret ambako makarani waliziingiza katika hifadhidata. Mwaka wa 2006 mpango huo ulianza kutumia OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo wataalamu wake wenyewe walishiriki kuibuni, na ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Seva ilikuwa Eldoret. Kliniki ilikuwa kwingine. Na kati yake palikuwa na gari na bunda la karatasi.

Mwaka wa 2011 Wizara ya Afya ilichukua hatua ya ujasiri. Ilisambaza kote nchini mfumo wa DHIS2, uliobuniwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, kwa ajili ya kukusanya takwimu za afya kutoka wilaya zote. Badala ya kuweka seva katika kila wilaya, wizara ilitegemea seva kuu moja pamoja na miundombinu ya wingu, na maafisa wa rekodi wakaifikia kwa modemu za simu. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuendesha mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya kwa njia ya mtandao pekee. Afisa wa Kimilili au wa Kwanza hakuhitaji tena kujua lolote kuhusu seva. Alihitaji kivinjari na muda wa hewani.

Lakini takwimu za mwezi ni kitu kimoja, na rekodi ya mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari ni kitu kingine. Takwimu zinaweza kungoja hadi kesho mtandao ukipotea. Mgonjwa hawezi. Ndiyo maana KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kusambazwa kuanzia 2012, ulifuata njia iliyo kinyume: seva ndogo iliwekwa ndani ya kituo cha afya chenyewe, na mfumo ukaendelea kufanya kazi hata intaneti ilipokatika. Faida yake ni wazi. Hasara yake pia. Kila seva huhitaji mtu wa kuisasisha, kuikinga dhidi ya vumbi, wezi na umeme wa kupandapanda, na kuhifadhi nakala zake. Vituo vikiwa mia, kazi hiyo hufanywa mara mia.

Tangu 2013, huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Bungoma ina maeneobunge tisa na Trans-Nzoia matano, na kaunti zote mbili zina vituo vilivyotapakaa kutoka nyanda za mahindi hadi miteremko ya Mlima Elgon. Swali linalozikabili kaunti kama hizi ni iwapo kuna njia ya tatu: wingu dogo la kieneo, lililo karibu vya kutosha ili lisitegemee nyaya za baharini, na kubwa vya kutosha ili lisimamiwe na watu wachache wanaoijua kazi.

Nodi inavyoingia katika wingu

Anayeona ukurasa wa usimamizi kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ukurasa huo ndio wingu lenyewe. Sivyo. Ukurasa ni dirisha tu. Kila kitufe kinapobonyezwa, amri hutumwa kwa programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Hata ukurasa ukizimika, mashine pepe zilizokwisha kuanzishwa huendelea kufanya kazi, na maabara huendelea kupokea majibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni vyema msimamizi akalijua hili mapema, kwa sababu wengi, wakiona ukurasa haufunguki, hukimbilia kuzizima seva zote na kuziwasha upya, na hapo ndipo matatizo ya kweli huanza.

Seva mpya iliyotoka kiwandani haina mfumo wowote wa uendeshaji. Ndani yake, hata hivyo, kuna tarakilishi nyingine ndogo sana, ya ukubwa wa kidole, ambayo huwa macho maadamu waya wa umeme umechomekwa. Kupitia hiyo, msimamizi aliye mbali anaweza kuiwasha au kuizima seva kubwa kwa kubofya tu. Seva ikiwashwa, hutafuta maagizo kwenye mtandao kwa utaratibu uitwao PXE: huuliza kama kuna yeyote anayeweza kuipa anwani, hupewa, kisha hupewa mfumo mdogo wa muda unaoingia moja kwa moja katika kumbukumbu yake. Mfumo huo wa muda huhesabu kila kilichomo: ni vichakato vingapi, kumbukumbu kiasi gani, diski ngapi na za ukubwa upi, milango mingapi ya mtandao. Ripoti hutumwa kwa seva ya usimamizi, na nodi mpya huchomoza katika ukurasa ikiwa haina jina wala kazi.

Hapo msimamizi huipa jukumu. Majukumu makuu ni matatu: udhibiti, yaani kuweka kumbukumbu za wingu zima na kupokea amri, ukokotoaji, yaani kubeba mashine pepe za watumiaji, na uhifadhi, yaani kutunza diski. Katika mawingu makubwa kila nodi huwa na jukumu moja. Katika wingu la seva tatu au nne, kama lile ambalo kaunti inaweza kumudu, kila nodi hulazimika kuyabeba yote matatu, na hakuna aibu katika hilo mradi kumbukumbu inatosha.

Mitandao ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Wingu lililopangwa vyema hutenganisha angalau njia nne: ya kuanzishia nodi, ya mazungumzo ya nodi zenyewe, ya diski, na ya watumiaji. Si lazima ziwe nyaya nne; swichi nzuri inaweza kuigawa njia moja kuwa mitandao pepe kadhaa. Kinachokatazwa kabisa ni kuuweka mtandao wa kuanzishia nodi pamoja na mtandao wa ofisi. Tarakilishi ya karani wa malipo iliyowekwa iwake kupitia mtandao itaweza kuuona mtandao huo, itajitambulisha kama nodi mpya, na msimamizi asiye makini akibonyeza kitufe cha kuweka mfumo, diski yake itafutwa yote. Mashine haina njia ya kujua kuwa hiyo ilikuwa tarakilishi ya mtu.

Baada ya hapo huja kitufe cha kukagua mitandao, ambacho huzifanya nodi zitumiane ujumbe wa majaribio katika kila njia. Watu wenye haraka hukiruka. Hilo ni kosa, kwa kuwa waya mmoja uliochomekwa katika mlango usiofaa unaweza kuusimamisha usambazaji wa wingu zima baada ya saa moja ya kungoja, na ujumbe utakaotokea hautataja waya hata kidogo. Sababu nyingine za kawaida za kushindwa ni ndogo vilevile: uwezo wa kuendesha mashine pepe haujafunguliwa katika mipangilio ya msingi ya seva, diski iliyochaguliwa siyo, au saa za nodi hazilingani. Hili la saa hupuuzwa sana. Programu ya uhifadhi ya Ceph, inayotumika katika mawingu mengi huria, hulalamika nodi zake za uangalizi zikitofautiana kwa zaidi ya sekunde 0.05, na ina haki, kwa kuwa bila saa moja hakuna anayeweza kusema ni maandishi yapi yaliyotangulia.

Kila kitu kikiwa sawa, msimamizi hubonyeza kitufe cha kusambaza. Nodi hujiwasha upya moja baada ya nyingine, mfumo huwekwa, na mstari wa maendeleo husogea polepole katika ukurasa. Kazi ambayo zamani ilimchukua fundi siku kadhaa kwa kila seva humalizika kwa muda wa saa chache kwa seva zote.

Kwa nini tatu, wala si mbili

Swali linaloulizwa na kila mhasibu wa taasisi ni hili: ikiwa seva moja ikiharibika nyingine inachukua nafasi yake, mbona zisinunuliwe mbili tu?

Jibu linahitaji mfano. Chukulia kuwa nodi moja iko Kitale na nyingine Bungoma, na nyaya zinazoziunganisha zikatike kwa sababu ya tingatinga linalopanua barabara. Nodi ya Kitale haioni ya Bungoma, inadhani imekufa. Nodi ya Bungoma nayo inadhani vivyo hivyo kuhusu ya Kitale. Kila moja inajitangaza kuwa ndiyo kuu na kuendelea kupokea maandishi. Mgonjwa yuleyule akapimwa Kitale asubuhi na kupewa dawa Bungoma siku ya pili, na kukawa na rekodi mbili zinazopingana, kila moja ikidai kuwa ya kweli. Nyaya zinapounganishwa tena, hakuna programu inayoweza kuamua kwa hakika ni ipi itupwe.

Dawa ya ugonjwa huu ni akidi, ileile inayotumika katika bunge la kaunti. Nodi za udhibiti huwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, na kundi lenye chini ya nusu ya kura hukaa kimya lenyewe bila kuambiwa. Zikiwa tatu, kundi lenye mbili huendelea na iliyobaki peke yake husimama. Nodi ya tatu si lazima iwe kubwa. Inaweza kuwa mashine ndogo ya ushahidi tu, iliyo mahali pengine kama vile Eldoret, mradi njia yake ya mtandao isiwe ileile ya wengine. Ikiwa waya wake unapita katika mtaro uleule uliochimbuliwa na tingatinga, basi shahidi huyo hana faida.

Umbali nao una sheria zake. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kilomita zipatazo 200 kwa kila milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kati ya Kitale na Bungoma, ikiwa njia ni ya moja kwa moja, ujumbe huenda na kurudi kwa muda mfupi usiozidi milisekunde chache. Lakini ramani ya barabara siyo ramani ya intaneti. Mara nyingi mawasiliano kati ya miji miwili jirani hupelekwa kwanza hadi Nairobi na kurudishwa, na Nairobi iko umbali wa takriban kilomita 400. Hiyo ni safari ya kilomita 800 kwenda na 800 kurudi, yaani milisekunde nane kabla hata swichi moja haijatia uvivu wake. Baadhi ya programu za akidi huanza kusumbuka hapo. Kabla ya kununua seva yoyote, taasisi inapaswa kumuuliza mtoa huduma njia halisi inayopitwa na data yake, na kupewa jibu kwa maandishi.

Diski pia hudanganya watu. Ceph huhifadhi nakala tatu za kila kitu. Nodi tatu zenye terabaiti 12 kila moja hufanya 36 kwa jumla, lakini nafasi ya kweli ni 12, na onyo hutolewa zikifika asilimia 85. Hivyo aliyelipia terabaiti 36 ana kama 10 za kutumia kwa utulivu. Zikifika asilimia 95 mfumo hukataa kuandika chochote zaidi, na mashine pepe zote husimama kwa wakati mmoja. Ni tabia ya ukali, lakini ni afadhali kuliko kuandika nusu ya rekodi.

Tena, nakala hizo tatu si nakala akiba. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, inafutwa mara tatu kwa uaminifu mkubwa. Nakala akiba ni ile inayokaa mahali pengine, isiyofikiwa kwa nywila ileile ya ukurasa wa usimamizi, na ambayo imewahi kurejeshwa kwa majaribio.

Umeme, radi na nyaya

Magharibi mwa Kenya ni ukanda wa radi, na wakazi wa Bungoma hawahitaji kuambiwa. Chumba cha seva kisicho na waya wa ardhini uliopimwa na vizuizi vya umeme wa ghafla, si katika njia ya stima tu bali pia katika waya wa mtandao unaotoka nje, ni chumba kinachongoja msimu wa mvua. Waya wa faiba una fadhila hapa, kwa sababu ni kioo na haupitishi umeme. Kuunganisha jengo na jengo kwa waya wa shaba ndani ya uwanja wa hospitali ni kujitafutia balaa.

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme, na hata uwanja wa ndege wa JKIA jijini Nairobi ukawa gizani kwa muda. Kukatika kwingine kukubwa kulifuata Desemba mwaka huohuo. Betri za seva hukusudiwa kudumu kwa dakika, si kwa saa. Kazi yake ni kuziba pengo hadi jenereta iwake, au kuzipa nodi muda wa kujizima kwa utaratibu. Utaratibu huo nao hupangwa mapema katika ukurasa wa usimamizi: mashine pepe kwanza, kisha nodi za ukokotoaji, na za uhifadhi mwisho. Kuwasha ni kinyume chake.

Upande wa nyaya, hali imebadilika sana tangu 2009, mwaka ambao nyaya za baharini za TEAMS na Seacom zilifika pwani ya Kenya. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Aliyekuwa na mfumo wake katika seva za Ulaya au Afrika Kusini aliona joto. Mfumo uliokaa ndani ya nchi haukuhitaji kuivuka bahari. Hoja hii, zaidi ya uzalendo wowote, ndiyo inayolipa nguvu wazo la wingu la karibu.

Haifuati, hata hivyo, kuwa kila hospitali ijenge lake. Kituo kimoja chenye mfumo mmoja wa rekodi hakihitaji wingu. Kinahitaji seva moja nzuri, nyingine ya akiba, na mtu anayekagua nakala kila wiki. Wingu huanza kuwa na maana pale mifumo inapokuwa mingi: rekodi za wagonjwa, maabara, dawa, mishahara, ushuru wa kaunti. Aidha, linahitaji wataalamu. Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko karibu na mji wa Bungoma, kilichopata hati yake mwaka wa 2015, na Kitale National Polytechnic ni miongoni mwa taasisi zinazofundisha teknohama katika eneo hili, na vijana wao wanaweza kujifunza kazi hii kwa seva tatu zilizotumika na swichi moja. Bila watu hao, ukurasa wenye vitufe vya kupendeza hautasaidia lolote.

Nani anashika funguo

Urahisi wa kusimamia kila kitu kupitia kivinjari ndio hatari yake kubwa. Aliye na nywila ya ukurasa huo anaweza kufuta wingu zima akiwa katika mkahawa. Ukurasa haufai kufikiwa kutoka intaneti ya wazi. Msimamizi apitie kwanza njia ya siri iliyofichwa kwa usimbaji, kisha athibitishe utambulisho wake mara mbili, kwa nywila na kwa simu au kifaa. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, ikiwemo ile ya tarakilishi ndogo iliyo ndani ya seva, ambayo wengi huisahau. Kila mtu awe na akaunti yake, ili daftari la matukio lionyeshe nani alifanya nini. Mwishoni mwa Julai 2023, mashambulizi ya mtandaoni yaliutatiza mfumo wa eCitizen, na Wakenya waliokuwa wakitafuta huduma za serikali wakaona jinsi mlango mmoja unapozibwa wengi hubaki nje.

Funguo si za kiufundi tu. Mnamo 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, kuhusu mwaka wa kifedha wa 2023/24 ilibaini kuwa mfumo wa teknohama wa afya kwa wote, unaotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024, na ambao gharama yake ni Sh104.8 bilioni, haumilikiwi na serikali. Kila kaunti inayotia saini mkataba wa seva ingefaa kuisoma ripoti hiyo. Maswali ya kuuliza yanajulikana: mkataba ukiisha, nani atabaki na nywila kuu? Data itatolewa kwa muundo gani, na kwa bei gani? Leseni za programu zikipandishwa bei, kama ilivyowatokea wateja wengi wa VMware baada ya kampuni hiyo kununuliwa na Broadcom mnamo Novemba 2023, kuna njia ya kuhamia kwingine?

Sheria nayo imo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaichukulia data ya afya kuwa nyeti. Kanuni zilizofuata mwaka wa 2021 zinataka data ya afya inayotumika kwa madhumuni mengine mbali na kumtibu mhusika moja kwa moja ichakatwe kupitia seva iliyoko Kenya, au angalau nakala moja iwe hapa nchini. Sheria ya Afya Dijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2023, iliunda wakala maalumu wa kusimamia mifumo ya aina hii. Kwa hivyo anayechagua mahali pa seva hachagui tu bei na kasi.

Kuiondoa nodi

Seva huzeeka. Baada ya miaka mitano au sita diski zake huanza kuchoka, na gharama ya umeme wake huipita faida yake. Kuiondoa hufuata utaratibu kama kuiingiza. Kwanza huwekwa katika hali ya matengenezo, na mashine pepe zilizomo huhamishwa hadi nodi nyingine zikiwa zingali zinafanya kazi. Mhudumu wa duka la dawa haoni tofauti. Kisha diski zake hutangazwa kuwa zinatoka, na mfumo huanza kuzinakili data zake kwingine. Hatua hii inaweza kuchukua siku nzima, na haipaswi kuharakishwa: kung’oa diski kabla ukurasa haujaonyesha kuwa nakala zote tatu zimekamilika ni kucheza kamari na rekodi za watu. Nodi ya akidi ikiondolewa, nyingine iwe imeshaingia mahali pake.

Mwisho ni diski zenyewe. Kubofya kitufe cha kufuta hakuondoi kilichoandikwa. Huondoa tu anwani yake. Diski ya hospitali hufutwa kwa programu inayoandika upya kila sehemu, au hutobolewa kwa keekee mbele ya mashahidi na tarehe ikaandikwa kitabuni. Haiuzwi pamoja na vyuma chakavu, kwa kuwa mtu yeyote mwenye waya wa bei nafuu anaweza kuichomeka katika tarakilishi yake na kusoma majina, vipimo na dawa za majirani zake.